Semina za Kompyuta za Afya: Ni kwa Faida ya Nani?

Mwaka 2005 Mkutano wa Afya Duniani ulizihimiza nchi wanachama kutumia elektroniki katika huduma za afya. Tangu hapo semina za wataalamu zimekuwa nyingi. Hatupingi semina, tunahoji mwelekeo wake.

Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, hujumlisha mwisho wa mwezi, na takwimu zake huingizwa katika programu ya DHIS2. Programu hiyo ni tunda la kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994. Shabaha yake ilikuwa wazi: wafanyakazi wa ngazi ya chini watumie takwimu zao wenyewe. Semina inayofundisha tu jinsi takwimu zinavyopanda juu, bila kufundisha zinavyorudi chini, inaisaliti shabaha hiyo. Humgeuza muuguzi kuwa karani wa wakubwa.

Kwa hiyo hatuna budi kuuliza kila semina inapofungwa: je, sasa kamati ya afya ya kijiji itajua ni watoto wangapi hawakurudi kumaliza chanjo? Kama haitajua, tumejifunza mashine tu. Wananchi hawajapata kitu.