Spika Ghali, Maneno ya Shakila

Wiki mbili baada ya kununua spika mpya, mama alinitembelea nyumbani Ngamiani. Nikamwekea "Macho Yanacheka" ya Shakila, nikapandisha sauti mpaka vikombe vikalia kabatini. Mama akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona simsikii anasema nini?"

Zile spika zilikula akiba yangu ya miezi minane. Muuzaji alinisifia wati na besi. Habari ya maneno hakuigusa, na mimi mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kunukuu watu, sikumuuliza.

Kwa wapenzi wa fasihi hilo ni kosa kubwa. Taarabu ya Tanga, ile ya Black Star na Lucky Star, ilileta gitaa la umeme na la besi, ikaacha zile safu za fidla za Unguja. Mdundo ukachangamka, lakini shairi lilibaki mbele. Silabi ya mwisho ikikupita, kina kimekwenda, na pengine fumbo nalo. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Kwake mwimbaji alistahili kitabu kizima.

Sasa spika inaingiaje hapo? Sauti ya mwanamke huanzia kama herzi 200 kwenda juu, na konsonanti zinazotenganisha "pata" na "kata" husikika zaidi huko juu, kwenye maelfu ya herzi. Besi ikizidi inazifunika. Miaka ya 1970, BBC walipohitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo, walibuni LS3/5A: kaboksi kadogo ka kukaa juu ya rafu, besi yake haba, lakini sauti ya mtu inatoka safi. Hadi leo ina wapenzi wake, na bei yake si mchezo.

Sikuwa na pesa hiyo. Niliuza zile kubwa kwa hasara, nikachukua jozi ndogo ya mtumba yenye kingo za mpira, maana za sponji kwa joto na unyevu wa pwani hazichelewi kuoza. Nikaziweka usawa wa masikio na kuzisogeza mbali na ukuta, kwani ukuta nao huongeza besi.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na wimbo wa Kiswahili usioujua vizuri. Punguza sauti, kisha jaribu kuandika ubeti mmoja. Ukishindwa, achana na spika hizo hata kama zinatikisa nyumba.

Mama alipokuja tena, nilimwekea Shakila yule yule, sauti ya chini. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akacheka peke yake. Akanisimulia jinsi wimbo ule ulivyopigwa kwenye harusi moja ya zamani, na nani aliinuka kwenda kutunza huku akimkodolea macho mwenzake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.