Pumzi ya Kinanda

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpiga kinanda cha mabomba ana vidole kumi juu ya vibao na miguu miwili juu ya makanyagio, na bado chawa wake havunjiki mpaka wapatikane wengine wa kumsaidia. Mpiga zumari huingiza pumzi yake mwenyewe. Mashavu yakichoka, ngoma imekwisha. Kinanda hiki kimeyashinda mapafu ya binadamu yeyote. Pumzi yake hutoka kwa watu wengine, na hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Wengi wetu tukisikia neno kinanda tunawaza kile cha usharikani, kinachobebwa kwapani na kuchomekwa kwenye umeme. Sasa fikiria kinanda cha kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, mji ule ule alioishi Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar baada ya kuolewa mwaka 1867, na ndiko alikozikwa. Fundi Arp Schnitger alikijenga kati ya 1689 na 1693. Kina safu nne za vibao vya mikono na moja ya miguu, makundi 60 ya sauti, na mabomba yapatayo 4,000. Bomba refu kuliko yote linakaribia mita kumi. Likilia, sikio halitoshi. Utalisikia kifuani na kwenye benchi ulilokalia. Madogo kabisa yanaenea kiganjani.

Ndani yake mna upepo, mbao na ngozi. Mivukuto hujaza upepo katika masanduku yaliyo chini ya mabomba. Mpigaji akibonyeza kibao, ufito mwembamba wa mbao huvuta kizibo, upepo ukapanda, bomba likalia. Kati ya kidole na bomba hamna umeme hata kidogo. Siku hizi mota ndiyo isukumayo upepo, lakini kwa karne nyingi kazi hiyo ilikuwa ya watu waliojificha nyuma ya kinanda, wakikanyaga mivukuto kwa uzito wa miili yao. Waumini hawakuwaona. Wangeacha kukanyaga kidogo tu, kila mtu angejua kwamba walikuwapo.

Kazi inayonivutia zaidi hufanyika kanisa likiwa tupu. Mabomba yana koo mbili. Kuna ukoo wa filimbi, ambao upepo wake hukatwa mdomoni mwa bomba, na ukoo wa zumari, wenye ulimi mwembamba wa shaba unaotetema. Joto likizidi, filimbi hupanda sauti, zumari haziwezi kuzifuata, na ndugu hawaelewani tena. Hapo fundi huingia tumboni mwa kinanda, akijibana asiyaguse mabomba, maana hata joto la kiganja hulipotosha bomba. Msaidizi hukaa kwenye vibao akabonyeza kimoja tu. Sauti mbili zisizopatana husikika zikigombana: wa-wa-wa-wa. Fundi anagonga kwa kijichuma ule waya unaobana ulimi, unasogea unene wa unywele. Wa… wa… Anagonga tena. Mapigo yanapungua kasi, yanalegea, yanalala, na sauti mbili zinakuwa moja. "Linalofuata!" anaita kutoka gizani, na msaidizi anahamisha kidole. Ndivyo inavyokwenda, bomba baada ya bomba, mpaka mchana unakwisha. Jioni watu watampigia makofi mpigaji.

Kinanda cha Mtakatifu Yakobo kimeshaona jinsi fedha na ustadi vinavyoweza kukosana. Mwaka 1720 nafasi ya mpiga kinanda ilikuwa wazi, na miongoni mwa walioitaka alikuwamo Johann Sebastian Bach. Alisafiri hadi Hamburg, na mwenda bure si mkaa bure: alipiga katika kanisa jirani la Mtakatifu Katarina mbele ya mzee Reincken, bingwa wa mji. Lakini nafasi ilikwenda kwa Johann Joachim Heitmann, aliyetia marki 4,000 katika hazina ya kanisa. Inasimuliwa kwamba mhubiri wa hapo, Neumeister, alikereka, akasema mimbarini kwamba hata malaika angeshuka kutoka mbinguni kuja kupiga kinanda, asipokuwa na fedha angelazimika kuruka arudi alikotoka. Heitmann leo anatajwa kwa sababu ya fedha zile tu.

Miaka karibu 200 baadaye kinanda chenyewe kilikuwa taabani. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, mabomba ya mbele yaliyotengenezwa kwa madini ya bati yalichukuliwa kwa matumizi ya vita. Kinanda kikabaki kama mzee aliyeng'olewa meno ya mbele. Baada ya vita alirudi kijana mmoja mwandishi, Hans Henny Jahnn, aliyekuwa amekimbilia Norway asiandikishwe jeshini. Yeye na rafiki yake Gottlieb Harms walianzisha chama kidogo walichokiita Ugrino. Jahnn alipokikagua kinanda, alitambua kwamba kazi ya Schnitger bado imo ndani, chini ya vumbi na marekebisho ya watu waliopita.

Chama hakikuwa na hazina ya kukitengeneza. Kilichokuwa nacho ni wazo: watu wakisikie kwanza. Mwaka 1922 akaitwa Günther Ramin, mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, apige matamasha katika kinanda kile kile kilichochakaa, ili fedha za matengenezo zipatikane. Watu wakaja, wakasikia, na matengenezo yakafanyika katika miaka iliyofuata. Fedha ya 1720 ilinunua kiti cha mtu mmoja. Fedha ya 1922 ilinunua pumzi ya kinanda, na kila aliyelipa alikuwa mkanyaga mivukuto bila kujijua.

Tena matamasha yale yalikuwa lazima. Kinanda kisichopigwa hufa. Ngozi hukauka na kupasuka, upepo ukavuja, panya wakahamia, vumbi likaziba midomo ya filimbi. Tamasha ni matibabu: mpigaji akija, fundi ataitwa, fundi akiitwa, ugonjwa utaonekana mapema. Na watu wakishakipenda, watakilinda. Katika Vita Kuu ya Pili, mabomba na masanduku ya upepo yalitolewa yakahifadhiwa. Mwaka 1944 mabomu yalipolifikia kanisa, mabomba hayakuwapo. Mwaka 1993, miaka 300 baada ya Schnitger kumaliza kazi, fundi Jürgen Ahrend alikamilisha ukarabati uliokirudishia sura na sauti yake, meno ya mbele yakiwemo.

Ujerumani leo ina vinanda vya namna hii vipatavyo 50,000 na karakana zipatazo 400, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Ni heshima inayostahili. Lakini orodha haikanyagi mivukuto. Wanaofanya hivyo ni vyama vidogo vya mitaani, vya walimu wastaafu, wauguzi na maseremala, wanaopanga viti, kubandika matangazo mlangoni, kukatisha tiketi na kuhesabu sarafu baada ya taa kuzimwa. Wengi wao hawajui kupiga hata wimbo mmoja.

Kwa hiyo siku safari ikikufikisha katika mji wenye kinanda kama hicho, ukakuta tamasha jioni, ingia ukae. Kapu likipitishwa, tia ulichonacho. Mpigaji atapata makofi yake. Ngozi ya mivukuto inachakaa kila siku.