Mstari Upi Uliokuambia?

Mwalimu hodari wa Kiingereza hujulikana kwa swali lake. Mwanafunzi akishajibu, mwalimu hakimbilii kumwambia amepata au amekosa. Humwuliza, "Mstari upi uliokuambia hivyo?" Darasa zima hurudi kitabuni. Huo ni ufundi, na katika madarasa ya Kitale na Bungoma una kazi kubwa kuliko mtihani.

Chukua kifungu cha ufahamu kuhusu ugonjwa wa mahindi ulioripotiwa Bomet mwaka 2011. Mtoto wa Trans Nzoia, ambaye karo yake hutoka kwenye magunia ya mahindi, hudhani anaujua tayari. Anaandika kwamba unaletwa na kirusi. Mwalimu anamrudisha kwenye sentensi: ni virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Hapo mtoto hujifunza kuyaweka kando anayoyajua ili asikie kilichoandikwa.

Hadithi fupi hudai zaidi. Katika Memories We Lost and Other Stories, mkusanyiko wa Profesa Chris Wanjala uliotahiniwa katika KCSE, imo hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886. Mkulima Pahom anaahidiwa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu, mradi arudi alikoanzia kabla jua halijatua. Anafika, lakini anaanguka na kufa. Mwanafunzi aliyekariri mwongozo hujibu upesi: tamaa.

Mwalimu fundi hatosheki. Huwasomesha tena pale Pahom anapotaka kukata kona, akaona bonde lenye unyevu, akawaza kwamba kitani kitastawi pale, akasonga mbele ili asiliache nje. Watoto wa Bungoma wanaijua thamani ya shamba la bondeni. Hilo si wazo la mpumbavu. Ni wazo la mkulima mwenye akili. Basi wanaanza kuona kinachotisha: kila hatua ya Pahom ina sababu nzuri, na sababu hizo nzuri ndizo zinazomfikisha kaburini. Katika nchi hii ya mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ambako ndugu hugombania mpaka hadi leo, funzo hilo halihitaji kufafanuliwa.

Walimu, msiuache ufundi huu kwa kuogopa silabasi. Funikeni miongozo, mfungue kitabu chenyewe. Mtoto aliyezoea kuulizwa mstari upi hatatia sahihi hati ya shamba ambayo hajaisoma.