Mlango wa Kuku

Fundi wa Tlawi, huku Mbulu, ninayemsifu hapa haanzi na futi kamba. Akiitwa kuangalia banda, kwanza anauliza kuku wanalala wapi kwa sasa. Katika nyumba nyingi za huku juu bado wanalala jikoni, na kwa hao mlango wa jiko ndio mlango wa banda. Atakunywa chai na kuaga. Wairaqw wa zamani wa huku walilala na mifugo yao chini ya paa moja, katika nyumba zilizochimbwa nusu ndani ya mteremko na kuezekwa udongo, kwa ajili ya baridi na kwa hofu ya wavamizi. Tulipowahamishia kuku uani ndipo swali la mlango lilipozaliwa.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya nimheshimu: "Mama, jioni nani atafunga?"

Kuku haoni vizuri gizani. Jua likianza kuzama anaingia mwenyewe na kupanda kwenye fito, na akishatulia hapo hana ujanja tena. Yeyote atakayemfikia atamchukua. Kumwingiza, basi, si kazi. Kazi ni kupata mtu wa kusukuma ubao akishaingia wa mwisho, kila siku bila kukosa. London, ambako mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki saa 8 na wa Juni unapita 16, wako wanaonunua milango inayojifunga kwa kufuata mwanga. Sisi tuko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana hautofautiani zaidi ya nusu saa mwaka mzima. Mtoto anayefungia ndama anaweza kufunga na kuku kwa safari hiyo hiyo. Mama asipokuwa na jibu, fundi humshauri aache kwanza, kwa kuwa mlango unaosahaulika humpa mwenye kuku usingizi asioustahili.

Halafu wanazungumzia adui. Kanu, kicheche na paka pori hutembea usiku, na hao ndio wa mlango. Mwewe na nguchiro huja mchana kweupe, kuku wakiwa nje. Kwa hao fundi hana dawa na husema hivyo kabla ya kupokea hata senti. Ugonjwa wa mdondo nao unamaliza kuku wengi kuliko kanu wote wa huku, na hauzuiwi na ubao bali na tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3. Napenda fundi anayejua kazi yake inaishia wapi.

Mlango wenyewe ni mdogo, kimo cha jogoo aliyeinamisha kichwa. Fundi hupendelea ubao wa kupandisha na kushusha katikati ya mifereji miwili. Mbao ni za mgrivea, zilizokaa kivulini hadi zikakauka, maana ubao mbichi ukipinda unaacha upenyo, na kanu hupita popote kichwa chake kinapopita. Hata hivyo haubani ubao kabisa. Anaacha nafasi ya unene wa msumari kila upande, ili mvua zikiuvimbisha usigome njiani. Kizingiti anakiinua ili maranda yasimwagike yakaziba mfereji. Kisha kuna jambo ambalo nisingelifikiria: ubao ukishuka unaangukia nyuma ya kizingiti, upande wa ndani, kwa hiyo kucha hazipati ukingo wa kuuinulia.

Mlango mkubwa, wa kufagilia, huwa na bawaba za mpira wa tairi kuukuu, ambazo hazishiki kutu wala hazipigi kelele. Kinachoufunga ni kipande cha mti kinachozunguka kwenye msumari mmoja. Mafundi wengi hupigilia msumari huo katikati, na upepo wa Julai unakitikisa mpaka kinageuka chenyewe. Yeye huupigilia pembeni kidogo. Upande mzito unashuka kwa uzito wake na kukaa palepale pa kufungia. Ukikisukuma na kukiachia, kinarudi.

Baridi ya Julai ndiyo inayowafanya watu wazibe banda zima kwa magunia. Yeye anakataa. Chini ya paa huacha mwanya wenye wavu, kwa kuwa kinyesi kikilala na unyevu bila hewa, mvuke wake unawasha macho na kifua, na asubuhi kuku wanakohoa.

Ila ugumu wa mlango unaofungwa vizuri uko kwa siafu. Wakivamia banda lililo wazi, kuku watatoka, hata kama ni kwa kuhangaika gizani. Lililofungwa linakuwa kaburi. Ndiyo maana banda lake husimama juu ya miguu minne, na kila mguu umo ndani ya kopo la oili chafu, nyasi zimefyekwa pande zote zisiwe daraja.

Mama mmoja alitaka kufuli juu ya hayo yote, kwa sababu ya wezi wa miguu miwili. Fundi alipinga: usiku wa siafu utaanza kutafuta ufunguo? Wakabishana. Mwishoni fundi alilipachika kufuli, kwa sharti kwamba ufunguo utaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, usiwekwe chini ya godoro. Msumari akaupigilia mwenyewe, na akauweka kwenye hesabu.