Mstari Uliopinda: Rangi ya Helmeti za Star Wars na Swali la Nakala Halisi

Wapo mafundi wanaotumia miezi kadhaa kuchunguza rangi ya helmeti moja ya plastiki. Ni helmeti ya askari weupe wa filamu ya Star Wars (1977), nao wanataka kutengeneza nakala inayolingana kabisa na ile iliyovaliwa mbele ya kamera. Makala haya yanaihakiki kazi yao kwa swali moja: anayenakili hunakili kifaa chenyewe, au picha ya kifaa hicho iliyomo vichwani mwetu?

Helmeti hizo zilitengenezwa Uingereza mwaka 1976 kwa plastiki iliyolainishwa kwa joto na kufyonzwa juu ya kalibu. Vipande vilipokwisha kuunganishwa, mistari ya buluu ilichorwa mashavuni kwa brashi, na maumbo ya kijivu yenye kingo nyeusi yakawekwa chini ya macho na kisogoni. Kwa kuwa kila moja ilipakwa kwa mkono, idadi na unene wa mistari hutofautiana. Katika The Empire Strikes Back (1980), stika zilichukua sehemu kubwa ya kazi ya brashi.

Fundi anayeinyoosha mistari hiyo hutoa helmeti nzuri, lakini hiyo si helmeti ya 1976. Ameifuta alama pekee iliyobaki ya mpakaji aliyekuwa akiharakisha kazi. Kwa hiyo nawaunga mkono wanaolinganisha picha moja baada ya nyingine, wakihesabu mistari kama mhakiki anavyolinganisha hati mbili za utenzi mmoja.

Kuna pingamizi. Mwaka 2011, katika kesi ya Lucasfilm dhidi ya Andrew Ainsworth, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti hii si sanamu kisheria, kwani ilitengenezwa ili kuitumikia filamu. Kama ni hivyo, mtu anaweza kusema kwamba kasoro ambayo kamera haikuiona haina maana. Sikubali. Mahakama ilikuwa ikiamua haki ya kisheria. Haikuulizwa kama mkono wa mpakaji unastahili kusomwa.

Hata hivyo, mafundi wengi wana udhaifu mmoja. Hunakili pamoja mstari wa 1976 na mikwaruzo pamoja na umanjano ulioletwa na miaka iliyofuata, kana kwamba vyote ni vya siku moja. Mstari uliopinda ni kazi ya mtu. Umanjano ni kazi ya wakati. Nakala inayovichanganya haiwakilishi siku yoyote ambayo helmeti hiyo iliwahi kuiona.

Basi fundi achague kwanza: ananakili siku ya kupiga picha, au hali ya sasa ya kifaa? Akishachagua, aseme wazi. Hapo ndipo uaminifu wa nakala unapoweza kupimwa, na mpakaji ambaye watazamaji hawamjui kwa jina anapopata msomaji.