Jini na Kiti Chake: Kuisubiri Filamu ya HWJN

Wapenzi wa riwaya ya HWJN waliisubiri filamu yake kwa takriban miaka kumi. Ndani ya riwaya hiyo, Ibraheem Abbas wa Saudia anasimulia mapenzi ya jini aitwaye Hawjan na Sawsan, mwanafunzi wa udaktari ambaye familia yake imehamia katika nyumba wanamokaa majini. Kitabu kilivuma mwaka 2013, na mwaka huohuo iliripotiwa kuwa kiliondolewa katika maduka ya Saudia kwa shutuma za kuchochea uchawi. Filamu, iliyoongozwa na Yasir Al-Yasiri, ilifungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Bahari ya Shamu mjini Jeddah mwishoni mwa Novemba 2023.

Subira hiyo haieleweki bila Dubai. Kitabu kilipovuma, Saudia haikuwa na majumba ya sinema ya umma. Yalifunguliwa tena mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Kabla ya hapo, Wasaudia waliotaka sinema walisafiri hadi Bahrain au Dubai. Na Dubai ndiko yaliko makao ya Majid Al Futtaim, mmiliki wa VOX Cinemas, kampuni iliyoshirikiana na Image Nation Abu Dhabi na MBC Studios kuitengeneza HWJN. Msomaji wa mwanzo alingojea mambo mawili: filamu, na ukumbi wa kuitazamia kwao.

Wapenzi wa kitabu, popote walipo, huhofia matukio yatakayokatwa na sura watakazopewa wahusika. Kwa HWJN, hofu hiyo haijagusa kiini. Nguvu ya riwaya imo katika nafsi ya kwanza: msimulizi ni Hawjan mwenyewe, na viumbe wa ajabu ni binadamu waliovamia nyumba yake. Msomaji humzoea jini kwa sauti, bila kumtia machoni. Kamera haina neno “mimi”. Ikimwonyesha Hawjan, humgeuza kuwa “yeye”, na wageni wa riwaya huweza kurudi kuwa wenyeji.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo cha jambo hili. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, majini yana uwezo wa kuwageuza watu manyani na kumwamuru Adili awapige nduguze kila usiku. Lakini habari hizo zinamfikia mfalme, na sisi pia, kwa ushahidi wa Adili. Jini anaamuru, binadamu ndiye anayesimulia. Abbas amepindua mpango huo, na hapo ndipo riwaya yake ilipo hatarini inapopelekwa kwenye skrini.

Hata hivyo, uganga wa pwani unajua njia nyingine. Katika ngoma za majini, mtu aliyepandwa huitwa kiti. Mwili ni wake, sauti ni ya jini. Waliohudhuria humsalimu mgeni, humuuliza jina lake na anachotaka. Hakuna anayelalamika kwamba sura haifanani na jini, kwa kuwa anayesikilizwa si mwenye sura. Mwigizaji wa Hawjan naye ni kiti. Wasemaji wa Kiswahili wa Dubai wanaoingia ukumbini wakiwa wamesoma kitabu wana haki ya kuidai filamu swali moja tu: kiti kinapofumbua kinywa, nani anasema?