Wind River: Je, Baridi Ndiyo Muuaji?

Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukifika kwenye kipengele cha mandhari tunaandika sentensi mbili tu: msanii ametumia mandhari ya kijijini, na mandhari hiyo imesaidia kujenga uhalisia. Basi, imekwisha. Tunakimbilia wahusika na dhamira, maana ndiko maksi ziliko. Makala haya yanakusudia kuutikisa mtindo huo kwa kuhakiki filamu ya Wind River, iliyoandikwa na kuongozwa na Mmarekani Taylor Sheridan na kutolewa mwaka 2017. Hoja yangu ni kwamba katika filamu hii mandhari si pambo. Imebebeshwa kosa la watu. Na wanaoibebesha si wahalifu peke yao. Msanii mwenyewe naye yumo.

Tuanze na kisa. Wind River ni eneo la jimbo la Wyoming walilotengewa wenyeji wa asili wa Marekani, yaani makabila ya Shoshone wa Mashariki na Arapaho wa Kaskazini. Ni majira ya theluji. Cory Lambert, Mzungu aliyeajiriwa na serikali kuwinda wanyama wanaoua mifugo, anafuata nyayo za simba wa milimani na kukuta maiti ya Natalie Hanson, msichana mwenyeji wa miaka 18, miguu mitupu. Cory anamfahamu, kwani Natalie alikuwa rafiki wa bintiye Emily, ambaye naye alikutwa amekufa miaka ya nyuma na mkosaji hakupatikana. FBI inamtuma mpelelezi mmoja tu, dada anayeitwa Jane Banner, tena anafika bila mavazi ya baridi.

Msomaji wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, amezoea kumwona Bwana Msa akikusanya vidokezo mpaka fumbo linafumbuka. Cory naye anasoma nyayo kama sisi tunavyosoma matini. Lakini hapa swali gumu si "nani kaua?" Swali gumu ni "je, kuna aliyeua?"

Tazama uchunguzi wa maiti. Natalie amebakwa na amepigwa. Hata hivyo kilichomuua ni hewa ya baridi kali iliyopasua mapafu yake alipokuwa akikimbia usiku, maili sita, bila viatu. Daktari anamwonea huruma, lakini hawezi kuandika kwamba haya ni mauaji. Na asipoandika hivyo, Jane haletewi wapelelezi wa kumsaidia. Hapo ndipo mandhari inapofanya kazi ambayo hatukufundishwa kuitafuta: inawavua watu hatia. Kwa karatasi, muuaji ni baridi.

Utetezi huo huo tunausikia tena mwishoni. Pete, mmoja wa walinzi wa kisima cha mafuta waliomshambulia Natalie na kumuua mpenzi wake Matt, anakamatwa na Cory. Akibanwa, anailaumu nchi yenyewe: eti huku hakuna cha kufanya, ni theluji na ukimya tu. Cory anamjibu kwamba watu wa familia yake walisukumwa hapa kwa nguvu, na kwamba theluji na ukimya ndivyo pekee ambavyo hawajanyang'anywa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilele cha maudhui. Upweke wa Wind River haukushuka na mvua. Uliletwa na historia. Hata sheria imechangia: mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za makabila haziwezi kumshtaki kwa jinai mtu asiye mwenyeji, na Bunge likalegeza amri hiyo kwa sehemu tu, mwaka 2013 na 2022. Katika filamu, mkuu wa polisi Ben ana askari sita kwa eneo lenye ukubwa wa jimbo zima la Rhode Island. Jamani, hapo baridi inahusikaje?

Mpaka hapa nampongeza Sheridan. Tatizo linaanza anapotoa hukumu. Cory anampandisha Pete mlimani, anamvua viatu, anamwambia akimbie kama alivyokimbia Natalie. Pete anakimbia kidogo tu, mapafu yanapasuka, anakufa. Watazamaji wengi hushangilia hapo. Lakini fikiri: daktari yule yule akiletewa maiti ya Pete ataandika nini? Ataandika baridi. Mlango ule ule waliotokea wakosaji wa Natalie, msanii anaufungua tena ili shujaa wake apite. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna ushahidi utakaobaki kwenye jalada lolote. Filamu inalaani ukimya, kisha inauongeza.

Na katika ukimya huo mwanamke mwenyeji yuko wapi? Natalie akiwa hai tunamwona kwa muda mfupi tu: akikimbia thelujini mwanzoni mwa filamu, na katika kisengere nyuma kifupi. Mama yake tunamwona pale Jane anapofungua mlango wa chumba na kumkuta akijikata kwa uchungu. Hapewi nafasi ya kueleza chochote. Uchungu unaochambuliwa kwa kina ni wa akina baba, na zaidi ni wa Cory, ndiye anayemfundisha Martin, baba wa Natalie, jinsi ya kuomboleza. Kuna hata ishara moja ambayo sijui kama Sheridan aliikusudia. Jane anapokosa nguo za baridi, bibi yake Emily anamwazima zile za mjukuu wake marehemu, akisisitiza kwamba si zawadi. Msichana mwenyeji amekufa; mpelelezi wa Kizungu anavaa nguo zake na kuingia katika kisa. Kwangu mimi picha hiyo inaihakiki filamu kuliko makala yoyote.

Wapo watakaonijibu kwamba filamu inamalizia kwa maandishi yanayosema takwimu za waliopotea hukusanywa kwa makundi yote isipokuwa wanawake wenyeji wa Marekani. Ni kweli, na ujumbe huo una uzito. Mwaka 2020 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Savanna's Act ili kurekebisha ukusanyaji wa taarifa hizo. Lakini maandishi ya mwisho hayawezi kufanya kazi ambayo usawiri wa wahusika umeikwepa kwa karibu saa mbili.

Tukio bora kabisa ni la Martin kujipaka rangi usoni na kusema ni sura yake ya kifo. Cory anamuuliza amejuaje namna ya kuipaka. Martin anajibu kwamba ameibuni tu, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumfundisha. Hapo hapana bunduki wala simba wa milimani, na baridi haisingiziwi kitu. Ni mtu anaeleza alichonyang'anywa, kwa mdomo wake mwenyewe. Laiti mama wa Natalie naye angepewa dakika mbili kama hizo.

Basi wenzangu, safari nyingine tukiandika "mandhari ya kazi hii ni...", tuongeze swali moja: mandhari hii inamfichia nani kosa?